Nilimchagulia Nkuba Spika Nne

Mlioanza nami wiki jana mliniacha Mbeya, nje ya posta, nimekalia debe, kalamu nimeipachika sikioni, na Msukuma mrefu amesimama mbele yangu pamoja na mkewe. Ambaye hakusoma, namweleza kwa kifupi. Mambo yenyewe si ya kurudiarudia.

Mimi ni Philbert. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao nje kidogo ya Mafinga, na mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, mpaka mwaka 1973 tulipogoma nikafukuzwa. Tangu hapo nakula kwa kuwaandikia watu barua. Shule nilifika darasa la nne. Mengine nimejifundisha.

Yule Msukuma ni Nkuba, wa Usangu. Alikuwa akihama na ng'ombe wake kumi na tisa kwenda Pawaga. Walipofika karibu na kiwanda kile, wakamtoroka alfajiri wakaingia kwenye kitalu cha miche ya misonobari. Meneja akawafungia zizini. Ng'ombe kumi na tisa ndio mali yote ya Nkuba. Hana shamba, hana nyumba, hana kaka. Watu wa Mafinga walimwambia, nenda Mbeya, mtafute Philbert, huyo anajua kuandika na haogopi.

Meneja anaitwa Sedekia. Ndiye aliyenifukuza.

Kwa hiyo msiniulize kwa nini niliacha debe langu asubuhi ile nikapanda basi na watu nisiowajua. Jibu mmeshalipata.

Barua niliiandika palepale posta. Ilikuwa barua nzuri, ya kwenda kwa hakimu. Nkuba akaiomba aishike, akaigeuza juu chini, akanirudishia.

"Hii inatosha?" akauliza.

"Barua huchukua muda," nikamwambia. "Wiki tatu, mwezi. Ng'ombe wako watakuwa wameshageuka mchuzi. Twende wenyewe."

Huo ni uongo wangu wa kwanza, nauandika hapa kwa mkono wangu. Karani wa yule hakimu nilikuwa namfahamu. Ningempa barua Jumamosi, Jumatatu asubuhi ingekuwa mezani. Niliijua njia hiyo na sikuitaka, maana kwa njia hiyo Sedekia angetoa ng'ombe kimyakimya, bila mtu kumwona.

Ndani ya basi mkewe Nkuba, Mbuke, aliniangalia muda mrefu. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Shemeji," akasema, "huyo meneja unamchukia?"

"Namkumbuka."

"Ni kitu kimoja?"

Nilitazama dirishani.

Makambako basi likasimama. Watu wakashuka kununua viazi. Nkuba hakushuka. Alifumba macho, akageuza kichwa taratibu kushoto, akakirudisha kulia, kama kuku anayesikiliza mdudu chini ya jani.

"Kuna ndama amefungwa nyuma ya lile ghala," akasema. "Na mama yake yuko ng'ambo ya reli, anamtafuta."

Mimi nilisikia injini ya basi na wauza viazi. Nikashuka, nikazunguka ghala. Ndama alikuwepo, kamba shingoni. Nikatupa macho ng'ambo ya reli. Ng'ombe alikuwepo.

Niliporudi kwenye kiti changu nilikuwa nimeshaacha kufikiria barua. Nilikuwa nafikiria mchezo wa kusikiliza anaouchezesha Sedekia klabuni.

Tulifika kiwandani Jumamosi saa nane mchana. Langoni alitupokea Jailos, fundi umeme.

"Kamwene, mwenyekiti."

"Kamwene. Bado unaniita mwenyekiti?"

"Nikuite nani? Uliyempisha hakuna anayemkumbuka jina." Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Jailos ni rafiki yangu. Tulikula sahani moja miaka sita.

Nikamuuliza kuhusu mchezo, nilikuwa nimeusikia tu kwenye barua za watu. Akanieleza. Mzungu mmoja mtaalamu wa misumeno, aliporudi kwao, aliacha mashine ya tepu klabuni. Kwenye tepu kuna mlio wa mpira wa tenisi ya mezani unaodunda juu ya meza, kisha unasimama. Meza yenyewe ipo palepale klabuni, imechorwa vyumba sita kwa chaki. Mchezaji anavaa hedifoni, anasikiliza, anaonyesha kwa fimbo mpira umesimama chumba gani. Mipira kumi. Anayepata mingi ndiye mshindi. Anayevua hedifoni kabla ya mpira wa kumi ameshindwa, hakuna maelezo. Jailos ndiye anayerekodi, na kila wiki anarekodi upya, majibu anayo yeye peke yake.

"Bingwa ni nani?"

"Unauliza?" Jailos akapunguza sauti. "Mwezi jana mlinzi aliweka baiskeli. Sasa meneja ana baiskeli. Lakini simsemi kwa uongo, Philbert, haibi. Ana masikio. Na huwa anatimiza. Kuna mtu wa stoo alimshinda, akapewa likizo yake wiki mbili kamili."

Klabuni kulikuwa na watu kama thelathini. Sedekia alikaa palepale nilipomwacha miaka mitatu nyuma, kwenye kiti chenye mto.

"Mwenyekiti," akasema. "Naona kamati yako imebaki na wajumbe wawili."

Watu wakacheka. Kati ya waliocheka, saba walikuwa wajumbe wangu. Naweza kuwataja.

"Ndugu Sedekia," nikasema. Hapendi kuitwa ndugu, anapenda bwana meneja. "Tumekuja kwa habari ya ng'ombe."

"Ng'ombe wamekula miche elfu moja na mia mbili. Mmekuja na miche?"

Nkuba akavua kofia. "Bwana mkubwa, ng'ombe zangu zilikula, sikatai. Mimi nililala, na mlinzi wako alilala. Sote tulilala. Nipe kazi nipande miche mingine, hata mwezi mzima, mimi na mke wangu."

Sedekia akamtazama, akanitazama. "Huyu anazungumza vizuri kuliko wewe, Philbert."

Nadhani angekubali. Nimeliwaza sana hilo, na nadhani angekubali. Miche ingepandwa na ng'ombe wangetoka. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme neno.

"Na anasikia vizuri kuliko wewe," nikasema mimi.

Sedekia akanigeukia.

"Rudia."

"Nimesema huyu ana masikio. Wewe wanakuita bingwa. Mashine yako, klabu yako, mpiga mashine wako. Kwa namna hiyo hata bibi yangu angekuwa bingwa."

Sedekia akaweka glasi chini. Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi.

"Sawa," akasema. "Akinishinda, achukue ng'ombe wake leo hii, na miche nasamehe. Nikimshinda, ng'ombe waende Iringa wakauzwe, na asilalamike popote. Na hiyo karatasi inayochungulia mfukoni mwako, mwanasheria wa posta, ichane hapa watu waone."

Nikaitoa barua. Nikaichana mara mbili, mara nne. Kisha ndipo nikamgeukia Nkuba.

"Umekubali?"

Nkuba alitazama vipande pale sakafuni.

"Naona umeshanikubalia," akasema.

Sasa nafika kwenye zile hedifoni, na hapa naomba mnisome taratibu, maana hapa ndipo nilipomuua mtu bila kumgusa.

Zilikuwepo za aina mbili. Za kwanza zilikuwa nyepesi, sponji nyembamba ya kijivu, spika moja sikio hili na moja sikio lile. Wenyewe waliziita za mbili. Za pili zilining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Sedekia, zimefunikwa mfuko wa nailoni. Kubwa kama mabakuli mawili, zimezungushiwa ngozi, waya wake mnene kama wa pasi. Ndani ya kila bakuli mna spika mbili, moja mbele ya sikio na moja nyuma. Hizo waliziita za nne.

Jailos akachukua za mbili ampe Nkuba.

"Kwa nini hizo?" nikauliza.

"Ndizo za kuchezea."

"Na zile?"

"Zile za meneja."

Mimi nikasimama. Sikuhitaji kufikiri, maneno yalikuwa yamekaa tayari tangu 1973.

"Choo cha maji kilikuwa cha meneja," nikasema. "Chai ya maziwa ilikuwa ya meneja. Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, mwaka sabini na mbili, tuliomba buti zisizopenya msumari. Zilikuja jozi moja. Nani alizivaa? Sasa hata kusikia, mfanyakazi asikie nusu na meneja asikie kamili?"

Watu wakaanza kuguna. Guno lile nalijua, lilinipitia mwilini kama zamani.

Jailos akanishika mkono. "Philbert, subiri nikueleze. Tepu yenyewe..."

"Wewe endesha mashine."

"Ni jambo dogo tu, sikiliza..."

"Jailos. Endesha mashine."

Akaniachia mkono.

"Zile si za mchezo," Sedekia akasema. "Zile nasikilizia muziki."

"Nilijua utasema hivyo."

Akanitazama kidogo. Halafu akageuka mwenyewe, akazitoa kwenye mfuko wa nailoni, akampa Nkuba kwa mikono miwili kama anampa mtoto mchanga. "Mpeni mgeni haki yake," akasema.

Nikajiona nimeshinda. Nayaandika haya ili mjue mtu mzima anavyoweza kuwa.

Nkuba alizishika, akazipima uzito. "Mwandishi, mimi sijawahi kuvaa hivi vitu. Ipi nzuri?"

"Hizo. Zile zina spika mbili, hizi zina nne. Utasikia mbele na nyuma, kila upande, kama uko porini."

"Mimi nina masikio mawili tu."

Watu wakacheka kweli safari hii. Hata mimi nilitabasamu, nikamvalisha.

"Msukuma, hiyo si kofia ya harusi," mmoja akasema.

Sedekia alitangulia. Akavaa za mbili, akafumba jicho moja, akaonyesha kwa fimbo bila haraka. Jailos alisoma majibu kwenye daftari. Saba kati ya kumi.

Ikawa zamu ya Nkuba, Jailos akaweka tepu nyingine.

Mpira wa kwanza ulipodunda, Nkuba alishtuka, akageuza kichwa nyuma haraka kama mtu aliyeguswa bega. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Akanyoosha fimbo akaigusa meza, lakini macho yake yalikuwa ukutani.

"Si hapo," Jailos akasema.

Wa pili, vilevile. Wa tatu akapata. Wa nne aliinuka nusu kwenye kiti, akazunguka mzima, waya ukamzunguka shingoni. Watu walikuwa wanagonga meza kwa kucheka. Wa tano, wa sita, wa saba. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya zile ngozi. Nilimwona anavyonitafuta kwa macho, nami nikampungia mkono, endelea.

Alipata mitatu.

Alipozivua, masikio yalikuwa yamelowa jasho. Akaziweka mezani taratibu, asizivunje. Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu, hasira au aibu. Hakikuja kitu. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa.

"Lori litaondoka Jumatatu," Sedekia akasema. "Karibuni soda."

Aliyesema neno la maana alikuwa Mbuke. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango.

"Baba Seni," akamwita mumewe, "ulikuwa unageuza kichwa."

"Sauti ilikuwa nyuma yangu."

"Porini ukigeuka, sauti inabaki palepale, wewe unaifikia. Hii umeivaa. Ukigeuka nayo inageuka. Utazunguka mpaka kesho."

Nkuba akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na ile ya nyuma haikuwepo," Jailos akasema, ananiangalia mimi. "Ndilo nililotaka kusema. Tepu nimeirekodi kwa maikrofoni mbili. Mbili tu. Zile spika za nyuma zinarudia yaleyale ya mbele, zinamchanganya mtu. Kila siku meneja mwenyewe anacheza kwa za mbili. Ungeuliza, ndugu yangu."

Ningeuliza. Lakini zilikuwa zimefunikwa nailoni na zilikuwa za meneja, na mimi nilijua maana ya vitu vya meneja vilivyofunikwa. Nilikuwa najua hivyo miaka yote, na kwa choo na kwa chai na kwa buti nilikuwa sahihi.

Nkuba akasimama mbele ya Sedekia.

"Bwana mkubwa, naomba tena. Kwa zile nyepesi. Sitageuka."

"Utaweka nini? Ng'ombe ni wangu sasa."

"Sina kitu."

"Basi."

"Anacho huyu," akasema Sedekia baadaye kidogo, kama amekumbuka. Alikuwa ananionyesha mimi kwa fimbo.

Mimi sina kitu. Nina debe na kalamu. Lakini nilijua anataka nini.

Mwaka 1973, asubuhi ya mgomo, mkanda wa msumeno mkubwa ulipotea. Bila mkanda ule kiwanda hakipasui hata kijiti. Siku kumi na tisa kililala. Polisi walitafuta mpaka chini ya vitanda vya watoto. Mimi siku ile nilikuwa Iringa, kwenye mkutano, Sedekia mwenyewe aliniona huko. Lakini nilijua nani aliyeuficha. Waliniuliza kiwandani, wakaniuliza mahabusu, miezi minne. Sikusema. Ni kitu pekee kizuri nilichowahi kufanya mpaka mwisho.

Aliyeuficha alikuwa Jailos.

"Jina moja," Sedekia akasema. "Liandike, likunje. Msukuma akipata mipira minane, mmoja zaidi ya yangu, anachukua ng'ombe, na karatasi yako unaichoma bila mimi kuiona. Asipopata, inasomwa hapa. Nina watu wawili ninaowashuku, kwa hiyo usiniletee jina la barabarani."

Wawili hao niliwajua. Mmoja ni Jailos. Wa pili ni Andendekisye, aliyeangukiwa na gogo mwaka 1974, akafa palepale. Hana mke, hana mtoto.

Mnaona njia. Kila mtu anaiona. Mimi mwenyewe niliiona, lakini niliiona jioni, wakati imeshapita.

Pale nilipewa karatasi na kalamu, nikaandika. Mkono uliandika kama wa mtu mwingine. Miaka mitatu nilikuwa na jina moja mdomoni, nikaulizwa jina, nikaandika lililokuwepo. Au labda nilikumbuka kwamba miezi ile minne mahabusu Jailos hakuja kuniona hata siku moja. Sijui. Nimejiuliza, sijijibu.

Na msiseme nilifanya kwa ajili ya ng'ombe wa Nkuba. Nilitaka kumwona Sedekia akishindwa mbele ya watu thelathini.

Nikaikunja mara mbili.

"Nani aitunze?" Sedekia akauliza. "Si mimi, wala si yeye. Jailos, wewe huna upande. Iweke."

Jailos akaipokea, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaja kunisogezea kiti, akainama karibu na sikio langu.

"Umeandika la marehemu, sivyo?" akanong'ona. "Nilijua tu. Wewe ni mtu mwerevu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Huo ni uongo wangu wa pili siku ile, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Nkuba akavaa za mbili. Sponji ile nyembamba ilikaa juu ya masikio yake kama haipo. Akaweka mikono magotini. Mbuke akaja akasimama nyuma yake, akamshika kichwa kwa viganja viwili, taratibu, kama anavyomshika ng'ombe anayekamuliwa. Kisha akamwachia.

"Kaa hivyo."

Jailos akabadilisha tepu, akaweka mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mashine ikazunguka.

Mpira wa kwanza. Nkuba hakugeuka. Fimbo ikashuka chumba cha mbali, kushoto.

"Sawa," Jailos akasema.

Wa pili. Chumba cha karibu, katikati. Sawa.

Wa tatu, wa nne. Watu waliacha kutafuna. Sedekia aliacha kutingisha mguu.

Wa tano aliuchukua muda, macho yamefumbwa, midomo inacheza kidogo kama anahesabu mifugo langoni. Sawa.

Wa sita sawa.

Wa saba, kabla Jailos hajasema neno, mzee mmoja wa pale klabuni akasema, "Huyu si mtu, huyu ni redio." Sawa.

Saba kwa saba. Ulibaki mmoja tu, na alikuwa na mitatu ya kuupatia. Nilimtazama Sedekia. Uso wake ulikuwa unakuwa vile nilivyoungojea miaka mitatu. Nilijaribu kuufurahia. Niliuangalia tu.

Wa nane ukaanza kudunda. Niliona fimbo ya Nkuba ikinyanyuka, ikasogea juu ya meza, ikasimama.

Haikushuka.

Kichwa chake kikageuka. Polepole, kuelekea dirishani.

"Baba Seni," Mbuke akasema. "Usigeuke."

Nkuba akavua hedifoni.

Klabu nzima ikapiga kelele ya kuvunjika moyo. Yeye alinyoosha mkono watu wanyamaze, nao wakanyamaza.

"Wanapakia ng'ombe zangu," akasema.

Tukasikiliza. Zizi liko ng'ambo ya uwanja wa magogo, mwendo wa dakika kumi. Mimi nilisikia bati la paa linavyotanuka kwa jua, na mashine ya tepu inavyozunguka. Hakuna kingine.

"Yule ni mwekundu wa mama yangu," Nkuba akasema. "Hapandi lori. Wanampiga."

Mbuke alikuwa ameshatoka. Tuliona gauni lake likipita dirishani, anakimbia. Nkuba akaiweka fimbo juu ya meza, chumba chochote tu, akamfuata.

"Ulisema Jumatatu," nikamwambia Sedekia.

"Nilisema nikimshinda watakwenda. Nilishinda mchezo wa kwanza. Dereva sikumzuia." Akaokota zile hedifoni nyepesi kutoka sakafuni, akazipangusa vumbi. "Na pengine hakuna lori. Mimi sisikii kitu. Kuna anayesikia?"

Watu thelathini. Hakuna aliyesikia.

"Amevua kabla ya mpira wa kumi," Sedekia akasema. "Sheria ya mchezo mnaijua. Jailos, soma."

Jailos akazima mashine. Akanikonyeza, jicho moja, haraka, asione mtu mwingine. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akaitoa karatasi, akasogea dirishani kwenye mwanga.

Akakunjua mkunjo wa kwanza. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni mwake alipoanza kukunjua wa pili.